Injini ya mvuke iliyozaliwa miaka 40 baada ya mvuke kuzimwa

Mwezi Agosti 2008 mzigo usio wa kawaida ulisafirishwa kwa barabara kutoka Darlington, kaskazini mwa Uingereza, hadi mji wa Loughborough, katikati ya nchi hiyo. Ilikuwa injini ya treni ya mvuke, yenye magurudumu makuu marefu kuliko watu wazima wengi, ikiwa bado na rangi ya kijivu ya karakana. Ilikuwa inapelekwa kwenye reli fupi ya kumbukumbu inayoitwa Great Central, inayoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea.

Injini za mvuke kutembelea reli za namna hiyo si habari nchini Uingereza. Kila mwaka injini za zamani hukodishwa kutoka reli moja kwenda nyingine, na mashabiki huzifuata kama wapenzi wa soka wanavyoifuata timu yao ugenini. Lakini mgeni huyu hakuwa mzee aliyekarabatiwa. Alikuwa mpya kabisa. Fremu, silinda, boila na magurudumu yake vyote vilitengenezwa upya, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa imemaliza miaka 40 tangu izime moto wa treni zake za mvuke za kawaida.

Injini hiyo, namba 60163, inaitwa Tornado. Kabla yake, injini ya mwisho ya mvuke kutengenezwa Uingereza kwa ajili ya reli kuu ilikuwa Evening Star, iliyotoka karakana ya Swindon mwaka 1960. Kisa cha Tornado kimeelezwa mara nyingi kama kisa cha watu wanaopenda mambo ya kale. Ukikitazama kwa karibu, ni kisa cha ujuzi: jinsi unavyopotea upesi, jinsi ilivyo ghali kuurudisha, na kwa nini injini mpya ilihitaji kwenda kwanza kwa watu wa kujitolea kabla ya kukabidhiwa reli kuu.

Hatima ya injini 49

Tornado ni ya jamii ya A1, iliyobuniwa na Arthur Peppercorn, mhandisi mkuu wa mwisho wa kampuni ya reli ya London and North Eastern. Injini 49 za jamii hiyo zilitengenezwa katika karakana za Doncaster na Darlington mwaka 1948 na 1949, wakati reli za Uingereza zilipokuwa zimetaifishwa. Kazi yao ilikuwa kuvuta treni nzito za abiria kati ya London, miji ya kaskazini na Scotland.

Zilikuwa imara na hazikuwa na makuu. Hata hivyo hazikuishi muda mrefu. Serikali iliamua kuingia kwenye dizeli na umeme, na injini zilizokuwa na umri wa miaka 15 hivi zikaanza kuondolewa kazini. Ya mwisho, iliyoitwa Saint Mungo, iliondolewa mwaka 1966 na ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Miaka miwili baadaye, Agosti 1968, mvuke ulikoma katika treni za kawaida za shirika la reli la taifa.

Injini za jamii nyingine ziliokolewa na watu binafsi, vyama na makumbusho. Kwa jamii ya A1 haikubaki hata moja. Aliyezaliwa baada ya 1966 angeweza kuiona kwenye picha tu.

Ndiyo maana waliotaka kuirudisha hawakuwa na gofu la kukarabati. Njia pekee ilikuwa kutengeneza ya hamsini. Injini ya mwisho kati ya zile za awali ilikuwa na namba 60162, basi mpya ikapewa namba inayofuata, kana kwamba karakana ilikuwa imesimama kidogo kwa chakula cha mchana kisha ikaendelea na kazi.

Haba na haba

Mpango ulitangazwa mwaka 1990. Wengi waliona ni ndoto. Hakukuwa na ruzuku ya serikali iliyotengwa, hakukuwa na tajiri mmoja wa kulipa yote, na hakuna aliyekuwa amefanya kazi kama hiyo nchini humo kwa miaka 30.

Taasisi iliyoundwa, A1 Steam Locomotive Trust, ilichagua njia ambayo kila mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa Afrika Mashariki angeielewa mara moja. Watu wa kawaida waliombwa kuchanga kila mwezi, kwa kipimo rahisi: bei ya bilauri moja ya bia kwa wiki. Wastaafu, walimu, mafundi na makarani waliandika majina yao wakaanza kukatwa. Wengine walilipia kifaa kimoja kimoja. Kampuni za chuma na uhandisi zilisaidia kwa kupunguza bei au kufadhili baadhi ya vipuri.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilichukua miaka 18 kujaa. Mabamba ya fremu yalikatwa mwaka 1994. Baadaye kazi ya kuunganisha ilihamia Darlington, katika jengo la mwaka 1853 lililokuwa karakana ya mabehewa ya Stockton and Darlington, moja ya kampuni za kwanza kabisa za reli duniani. Hadi inakamilika, gharama ilikuwa imefika takriban pauni milioni 3.

Miaka 18 ni muda mrefu kwa mradi wa kujitolea. Wapo waliochanga wakiwa vijana wakaiona ikitembea wakiwa na wajukuu, na wapo waliochanga wasiione kabisa. Kilichoushikilia mradi ni hesabu kuwekwa wazi na kila hatua kuonekana: leo fremu, kesho silinda, mwakani magurudumu. Mchangaji alijua fedha yake imegeuka chuma kipi.

Michoro ilikuwepo, mikono haikuwepo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hili Waingereza walikuwa na bahati. Injini zote 49 zilikuwa zimekwenda, lakini daftari lilibaki. Michoro mingi ya awali ya A1 ilikuwa imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya reli mjini York, na hapo ndipo wahandisi walipoanzia.

Lakini mchoro wa mwaka 1948 ulichorwa kwa ajili ya fundi wa mwaka 1948. Unampa vipimo vya kipuri, haumwelezi mambo ambayo kila fundi wa karakana aliyajua bila kuandikiwa: kipande kikazwe kiasi gani, chuma kipoe vipi baada ya kusubiwa, nafasi ya unywele kati ya beringi na ekseli iwe wapi. Mambo hayo yalikaa vichwani na mikononi mwa watu. Mtu alipostaafu aliondoka nayo, na karakana ilipofungwa hapakuwa na wa kumrithi.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa boila, moyo wa injini yoyote ya mvuke. Humo maji hugeuzwa mvuke wenye msukumo unaozidi mara 17 wa hewa tunayovuta, ndani ya chombo chenye urefu wa gari kubwa, huku moto wa makaa ya mawe ukiwaka mwisho mmoja. Kosa dogo la kuchomelea linaweza kuua. Uingereza, nchi iliyouza injini za mvuke kila pembe ya dunia kwa zaidi ya karne moja, haikuwa tena na kiwanda kilichokuwa tayari na uwezo wa kutengeneza boila kubwa kiasi hicho kwa ajili ya treni.

Jibu lilipatikana Ujerumani. Katika mji wa Meiningen, uliokuwa Ujerumani Mashariki, kulikuwa na karakana ambayo haikuwahi kuacha kazi hiyo. Reli za Ujerumani Mashariki ziliendelea kutumia mvuke hadi mwaka 1988, miaka 20 baada ya Uingereza kuacha. Uchumi uliokuwa nyuma ndio ulioacha mafundi hai. Boila la Tornado lilitengenezwa huko na kufikishwa Darlington mwaka 2006.

Halikuwa nakala tupu ya la zamani. La awali lilikuwa na ribiti na tanuri la shaba. Jipya lilichomelewa lote, na tanuri lake ni la chuma. Injini yote ilirekebishwa namna hiyo pale ilipobidi: kimo kilipunguzwa kidogo ili ipite salama chini ya nyaya za umeme, tangi la maji likaongezwa kwa kuwa kando ya reli hakuna tena mahali pa kujaza, na vifaa vya kisasa vya usalama vikafungwa ili mitambo ya reli kuu iitambue.

Januari 2008 moto uliwashwa ndani ya boila hilo kwa mara ya kwanza. Aliyeuwasha ni Dorothy Mather, mjane wa Arthur Peppercorn. Mwishoni mwa Julai Tornado ilitembea kwa nguvu zake yenyewe, kwenye kipande kifupi cha reli nje ya karakana.

Kwa nini ilianzia kwa watu wa kujitolea

Hapo likaja swali gumu. Injini mpya yenye urefu wa mita 22 na uzito wa zaidi ya tani 160 ikiwa na behewa lake la makaa na maji, ingejaribiwa wapi? Reli kuu ya Uingereza imejaa treni za kila dakika chache. Injini isiyojulikana ikiharibika katikati ya njia, maelfu ya watu wanachelewa kazini. Mamlaka hazingeiruhusu kabla ya kuona imetembea mahali pengine, na nje ya karakana ya Darlington hapakuwa na nafasi ya kuikimbiza.

Ndipo Great Central ilipokuwa na thamani ambayo haikupangwa na yeyote. Reli hiyo ni mabaki ya njia iliyounganisha miji ya kaskazini na London, iliyofunguliwa kwa abiria Machi 1899. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mwaka huo una uzito wake, kwani miezi miwili baadaye mafundi na vibarua wa Reli ya Uganda, waliokuwa wakitandika njia kutoka Mombasa, walifika kwenye bwawa lililokuja kuwa Nairobi.

Njia ya Nairobi ilizaa mji mkuu. Ile ya Great Central ilifungwa kama njia ya kwenda London mwaka 1966, kwa maelezo kwamba nchi ilikuwa na reli nyingi kupita mahitaji. Wapenzi wa reli walianza kuikusanya vipande kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Leo inatembea takriban kilomita 13 kati ya Loughborough na viunga vya Leicester, kupitia stesheni ndogo za Quorn na Rothley.

Reli nyingi za kumbukumbu za Uingereza ni za njia moja na haziruhusiwi kuvuka mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Great Central ilirudisha reli ya pili kwenye sehemu yake kubwa, hivyo treni mbili zinaweza kupishana zikiwa katika mwendo kama ilivyokuwa zamani. Kwa ajili ya majaribio, pasipokuwa na abiria, inaweza kupewa ruhusa ya mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Kwa wenye Tornado, hapakuwa na uwanja bora wa kumjaribu farasi wao.

Lakini kilichowavutia hakikuwa njia peke yake. Pale Loughborough palikuwa na watu. Kuiandaa injini ya mvuke si kugeuza ufunguo. Moto huwashwa polepole saa nyingi kabla ya safari ili chuma cha boila kitanuke sawasawa. Mtu huingia chini kati ya magurudumu na kopo la mafuta, kwa sababu Tornado ina silinda tatu na mojawapo iko katikati, mahali pasipofikika kutoka nje. Mchochea moto lazima ajue aweke makaa kona ipi ya tanuri na wakati gani, huku jicho lake likiwa kwenye kioo cha maji. Maji yakishuka kupita kiasi, dari ya tanuri huungua na boila linaweza kupasuka.

Elimu hiyo haikuwa imebaki katika chuo chochote cha serikali. Ilibaki kwenye reli hizi ndogo, ambako dereva mzee wa zamani alimfundisha karani wa benki aliyejitolea siku za Jumamosi, naye karani akamfundisha mwanafunzi wa sekondari. Utamaduni huo ulianza mwaka 1951 huko Wales, kwenye reli ya Talyllyn, ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Wakati huo wengi waliwacheka. Zaidi ya nusu karne baadaye, injini mpya ilipotafuta mikono ya kuihudumia, mikono ilikuwepo.

Kwa wiki kadhaa Tornado ilikwenda na kurudi kati ya Loughborough na Leicester. Kila jioni joto la beringi lilipimwa, nati zikakazwa, na vilivyovuja vikaandikwa. Tarehe 21 Septemba 2008 ilivuta abiria wa kwanza wanaolipa nauli, ikiwa bado ya kijivu. Rangi ya kijani cha tufaha iliyoizoesha kwa watu ilipakwa baadaye mwaka huo mjini York.

Baada ya mazoezi, kazi

Novemba 2008 Tornado iliruhusiwa kujaribiwa kwenye reli kuu. Tarehe 31 Januari 2009 ilivuta treni yake ya kwanza ya abiria huko, kutoka York kwenda Newcastle. Wiki chache baadaye Charles, wakati huo akiwa Mwanamfalme wa Wales na sasa Mfalme, aliizindua rasmi jina lake katika stesheni ya York.

Desemba mwaka huohuo theluji na barafu vilizuia treni za umeme kusini mwa London. Tornado, iliyokuwa ikivuta treni ya watalii, ilipita bila taabu na kuwachukua abiria wapatao 100 waliokwama ili wafike makwao. Februari 2017 ilivuta kwa siku tatu treni za ratiba ya kawaida kwenye njia ya Settle hadi Carlisle, jambo ambalo halikuwa limeonekana England kwa karibu miaka 50. Aprili mwaka huo, katika majaribio ya usiku, ilifika kilomita 161 kwa saa.

Haikuwa safari ya sifa tupu. Mapema mwaka 2011 boila lilirudishwa Meiningen kutengenezwa baada ya kupata kasoro. Aprili 2018, ikiwa kwenye mwendo mkali na treni iliyotoka London, vyuma vinavyoendesha vali ya silinda ya katikati vilivunjika. Hakuna aliyeumia, lakini injini ilikaa miezi karakanani. Waliowahi kufanya kazi na mashine wanajua maana yake: kutengeneza ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuitunza, na nusu hiyo haina mwisho.

Mgeni njoo

Tornado bado hualikwa kwenye reli za kumbukumbu, na ziara hizo zina faida kwa pande zote mbili. Reli ndogo inaishi kwa nauli, chai na zawadi zinazouzwa stesheni. Familia iliyokwisha kupanda treni yake mara mbili haina sababu ya kurudi mwaka huu, isipokuwa kuna kitu kipya. Injini maarufu ikifika kwa siku chache tiketi hununuliwa mapema, nyumba za wageni hujaa, na hoteli za mji hupata wateja. Wenye injini nao hupata malipo ya kuiweka hai hadi ukarabati mkubwa ujao. Kwa desturi ya huko, boila hufunguliwa na kukaguliwa lote kila baada ya miaka 10 hivi, na kazi hiyo ni ghali.

Hata hivyo mambo mawili yanaziumiza kichwa reli hizi. La kwanza ni makaa ya mawe. Mgodi wa Ffos-y-Fran huko Wales, uliokuwa chanzo muhimu cha makaa yanayofaa injini, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2023, na sasa makaa yanaagizwa kutoka nje kwa bei ya juu. La pili ni umri. Waliokuwa vijana mvuke ulipozimwa mwaka 1968 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 70. Kila msimu reli hizi zinashindana na muda ili ujuzi uhamie kwa vijana kabla wenye nao hawajaondoka.

Wenye Tornado wamelijibu hilo kwa kuanza tena. Baada ya injini ya kwanza waliingia kwenye ya pili kubwa zaidi, ya jamii ya P2, itakayoitwa Prince of Wales. Injini sita za awali za jamii hiyo zilitengenezwa miaka ya 1930 na hakuna iliyobaki. Fundi aliyejifunza kwenye Tornado sasa ana kazi ya kufanya, na ana wa kumfundisha.

Gorton, Nairobi na milima yetu

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki kiko karibu kuliko umbali wa ramani. Kampuni ya Great Central ilikuwa na karakana yake kuu Gorton, mjini Manchester. Upande wa pili wa reli, mbele ya karakana hiyo, kilisimama kiwanda cha Beyer, Peacock, na ndicho kilichotengeneza injini kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya geji ya mita moja popote duniani: Garratt za jamii ya 59 za shirika la East African Railways and Harbours.

Zilikuwa 34, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 252, na seti mbili za magurudumu zilizolibeba boila katikati. Zilitumia mafuta mazito badala ya makaa ya mawe. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kwa njia ya zaidi ya kilomita 500. Tornado ingeonekana ndogo ikisimama kando yake.

Zilipewa majina ya milima ya eneo lote: Kenya, Meru, Elgon, Muhavura na mingine. Mfanyakazi wa reli wa wakati huo, awe Mganda, Mkenya au Mtanganyika, aliona mlima wa kwao ubavuni mwa injini, na mlima wa jirani kwenye injini iliyofuata.

Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966, mwaka uleule Saint Mungo ilipoondolewa kazini na treni za Great Central za kwenda London zilipokoma. Hapa kwetu Garratt ziliendelea kuvuta hadi miaka ya 1970, kisha dizeli zikachukua nafasi. Shirika la pamoja nalo likavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na reli yake.

Mbili kati ya zile 34 zimesalia katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Moja inaitwa Mount Gelai, nyingine Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania: Gelai kando ya Ziwa Natron, Shengena kwenye safu ya Upare. Mount Gelai iliwahi kufufuliwa ikatembea tena katika miaka ya mwanzo ya 2000, ishara kwamba chuma hakikuwa kimekufa na kwamba wakati huo mikono ilikuwepo.

Leo macho yako kwenye reli mpya. Kenya ilianza treni zake za geji ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na Tanzania inaendesha treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni sawa kabisa. Hakuna anayependekeza kusafirisha makontena kwa mvuke. Lakini ujuzi unaopotea leo katika karakana za reli ya zamani, wa kusubu, kuchonga beringi, kuchomelea boila na kuusikia mtambo kabla haujaharibika, ndio ujuzi uleule unaohitajika viwandani, melini na kwenye mitambo ya umeme.

Waingereza waliyeyusha injini 49 na kufunga karakana zao. Miaka ishirini na kitu baadaye walianza kuchangishana ili wapate moja tu, wakalazimika kwenda Ujerumani kuomba boila. Iliwachukua miaka 18 na pauni milioni 3 kurudi mahali walipokuwa mwaka 1949. Afrika Mashariki bado ina injini zake mbili zimesimama Nairobi, na katika miji ya reli kama Tabora, Nairobi, Voi na Kampala bado kuna wazee waliojifunza kazi kwa mafundi wa mvuke. Injini zinaweza kusubiri miaka mingine 20 chini ya jua. Wazee hao hawawezi.